Simiyu: Lita moja ya maziwa kati ya ndama, mtoto na soko

Bariadi. Basi linalotoka Mwanza kwenda Bariadi hupita Kisesa na Magu, likiliacha na kuliona tena Ziwa Victoria upande wa kushoto, hadi Lamadi, mji mdogo wa Wilaya ya Busega ulio karibu na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Hapo barabara kuu huendelea kwenda Bunda, Musoma na Sirari. Basi la Bariadi hukata kulia, na kwa kilomita zipatazo 70 abiria huona mashamba ya pamba, mtama na mahindi, vilima vya mawe, na makundi ya ng'ombe yanayovuka lami bila haraka.

Huu ndio Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Shinyanga na sehemu ya Mwanza. Una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2.1, wengi wao Wasukuma wanaolima na kufuga kwa pamoja. Wengi huujua mkoa huu kwa pamba. Wengine huukumbuka kwa viwanja vya Nyakabindi, ambako maonyesho ya Nanenane kitaifa yalifanyika kuanzia mwaka 2018. Ni wachache wanaokuja hapa kuulizia maziwa.

Lakini anayeamka mapema Bariadi atayaona. Kabla jua halijawa kali, wakati watu bado wanasalimiana "mwangaluka", maziwa huingia mjini kwa baiskeli na pikipiki, kama ilivyo katika miji mingi ya Kanda ya Ziwa. Hupimwa kwa kikombe au chupa, na ifikapo saa nne mengi yameshaisha. Maziwa hayo yametoka kwa ng'ombe gani, nani amekosa ili mwingine apate, na je, ni salama kwa mtoto? Maswali hayo matatu yanamhusu kila mzazi, awe wa Bariadi au wa Dar es Salaam.

Kondoo wapo, hakamuliwi mtu

Katika mazizi mengi ya Simiyu ng'ombe, mbuzi na kondoo huishi pamoja. Kondoo wa hapa ni wa asili, wenye manyoya mafupi na mkia mnene uliojaa mafuta. Mkia huo ni ghala. Wakati wa mvua kondoo hula akashiba na kuweka akiba, na kiangazi kikikaza huitumia akiba hiyo taratibu. Ndugu yake wa jirani, kondoo mwekundu wa Kimasai, anasifika kwa wataalamu wa mifugo duniani kwa uwezo wake wa kuhimili minyoo ya tumbo inayowaua kondoo wa kigeni.

Mgeni aliyesikia kuhusu kondoo wa maziwa huenda akashangaa kwamba hapa kondoo hakamuliwi. Ulaya na Mashariki ya Kati jambo hilo ni la kawaida. Jibini maarufu ya Roquefort ya Ufaransa hutengenezwa kwa maziwa ya kondoo aina ya Lacaune pekee. Kisiwa cha Sardinia nchini Italia kina kondoo kwa mamilioni, na sehemu kubwa ya jibini yake aina ya pecorino hutokana nao. Huko Syria, Yordani na nchi jirani kuna kondoo wa asili aitwaye Awassi, naye ana mkia mnene kama wa Simiyu, lakini amechaguliwa kwa vizazi vingi kwa ajili ya kiwele.

Maziwa ya kondoo ni mazito kuliko ya ng'ombe. Mafuta yake hufika kati ya asilimia 6 na 7, na protini ni zaidi ya asilimia 5, wakati ya ng'ombe wa kisasa mara nyingi huwa na mafuta ya asilimia 3.5 hadi 4 na protini isiyozidi sana asilimia 3. Ndiyo maana hufaa kwa jibini. Lakini kondoo wa Simiyu hakuwahi kuchaguliwa kwa kazi hiyo. Maziwa yake ni kidogo, yanamtosha mwanawe, na mfugaji anamhitaji kwa nyama, kwa mafuta, kwa shughuli za kimila na kwa fedha ya haraka pale ada ya shule au bili ya hospitali inapobisha hodi.

Kazi ya kutoa maziwa ameachiwa ng'ombe wa asili.

Ng'ombe mdogo mwenye nundu

Wataalamu humwita zebu mwenye pembe fupi wa Tanzania. Ana nundu mgongoni, ngozi iliyolegea shingoni na umbo dogo. Ng'ombe walio wengi nchini ni wa asili, na huyu wa Usukumani ni mmoja wa wanaojulikana zaidi. Anastahimili joto, anatembea mbali kutafuta maji, na anavumilia kupe na magonjwa yao kuliko ng'ombe wa Kizungu, ambaye ndigana kali inaweza kumuua kwa siku chache.

Kwa upande wa kiasi, hawezi kushindana. Ng'ombe wa kisasa aina ya Friesian aliyelishwa vizuri hutoa lita 10 hadi 20 kwa siku, hata zaidi. Zebu hutoa lita moja au mbili baada ya ndama kupata fungu lake, na kiangazi hushuka chini ya hapo. Maziwa yake, hata hivyo, huwa na mafuta mengi, mara nyingi asilimia 5 au kuzidi, na mtindi wake huwa mzito.

Kuna jambo jingine ambalo kila mtoto wa mfugaji analijua. Zebu hashushi maziwa bila ndama. Ndama hufunguliwa kwanza, hunyonya kidogo, kiwele kinalegea, kisha anavutwa pembeni na kufungwa mbele ya mama yake wakati mkamuaji anaendelea na kazi. Mwishoni ndama hurudishwa kumalizia. Ndama akifa, maziwa nayo mara nyingi hukauka. Kwa hiyo anayemkamua ng'ombe hadi tone la mwisho anajinyang'anya mwenyewe: ndama atadhoofika, na maziwa ya kesho yatakuwa hatarini.

Kwa miongo mingi wataalamu wamejaribu kumwongezea ng'ombe huyu maziwa bila kumpokonya uvumilivu wake. Kituo cha Mpwapwa mkoani Dodoma kilizalisha ng'ombe aliyepewa jina la mji huo kwa kuchanganya damu ya zebu wa hapa na ng'ombe kama Sahiwal na Red Sindhi wa Bara Hindi. Kwa upande wa mbuzi, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilipeleka mbuzi wa maziwa kutoka Norway katika milima ya Mgeta, Morogoro, miaka ya 1980. Mgeta kuna baridi na majani. Simiyu kuna joto na ukame wa miezi mingi, na mnyama wa maziwa hapa hutegemea kwanza jibu la swali moja: Septemba atakula nini?

Ngitili, ghala la majani

Jibu la Wasukuma lipo tangu zamani, nalo linaitwa ngitili. Ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, majani na miti ikaachwa ikue, kisha likafunguliwa kiangazi. Halifunguliwi kwa kundi zima. Wanaotangulia ni ndama, ng'ombe wanaonyonyesha, maksai wa kulimia, na wagonjwa wasioweza kutembea mbali. Ukilitazama kwa jicho la mzazi, ngitili ni mpango wa lishe unaowatanguliza wanyonge.

Mpango huo ulikaribia kupotea. Katika karne iliyopita miti mingi ya Shinyanga, ambayo wakati huo ilijumuisha Bariadi, Maswa na Meatu, ilikatwa ili kufukuza mbung'o, kupanua mashamba ya pamba na kupata kuni. Ardhi ikabaki wazi. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI. Badala ya kuleta miche ya kigeni peke yake, mradi uliwauliza wazee walivyokuwa wakifanya, na ngitili ikarudi. Mradi ulipokuwa ukifungwa mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimehifadhiwa katika vijiji 833. Mwaka 2002 HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Ulinzi wa maeneo hayo ulitegemea sheria ndogo za vijiji na mabaraza ya kimila yanayoitwa dagashida, ambako aliyeingiza mifugo kwa wizi hulipishwa faini mbele ya wenzake. Ngitili za familia zipo, za kijiji zipo, na nyingine ni za taasisi kama shule.

Kwa nini habari hii iwe kwenye ukurasa wa familia? Kwa sababu ngitili ikibaki, ng'ombe mmoja au wawili wanaonyonyesha hubaki karibu na nyumbani kiangazi, na mtoto anapata kikombe chake. Ikiliwa yote au ikilimwa, kundi zima hupelekwa mbali kutafuta majani, na maziwa huondoka nalo. Simiyu pia ina bahati ya pamba: mashudu yanayobaki baada ya mbegu za pamba kukamuliwa mafuta ni chakula kizuri cha ng'ombe, na kiasi kidogo kwa siku huongeza maziwa ya zebu.

Kikombe cha nani?

Ng'ombe mmoja anayetoa lita moja na nusu ana wadai wengi. Ndama anadai. Baba anataka mtindi wa kulia ugali. Bibi anataka samli. Mtoto wa miaka miwili hana sauti kwenye kikao hicho, na mnunuzi wa mjini anakuja na fedha mkononi.

Katika kaya nyingi za wafugaji nchini, ng'ombe ni mali ya baba lakini maziwa yamekuwa chini ya mama: yeye ndiye huamua yapi yanywewe, yapi yagandishwe na yapi yapelekwe kwa jirani mwenye mzazi au mgonjwa. Maziwa yanapogeuka kuwa biashara, mara nyingi uamuzi huo huhama. Fedha ya maziwa si adui wa mtoto, kwani hununua daftari, sabuni, maharage na dawa. Tatizo huja pale maziwa yote yanapouzwa na fedha isirudi mezani kwa namna yoyote.

Takwimu za kitaifa zinaonyesha kwa nini jambo hili lina uzito. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015/16 ulionyesha asilimia 34 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 30. Kumepungua, lakini hao bado ni watoto watatu katika kila kumi. Maziwa yana protini, kalisi na vitamini B12, vitu ambavyo mtoto anayelishwa uji mtupu wa mahindi au udaga huvikosa.

Mzazi azingatie umri. Hadi miezi sita mtoto anahitaji maziwa ya mama pekee, bila maji wala maziwa ya ng'ombe. Maziwa ya ng'ombe yana protini na chumvi nyingi mno kwa figo za mtoto mchanga. Kuanzia miezi sita, mama akiendelea kunyonyesha hadi miaka miwili au zaidi, maziwa yaliyochemshwa au mtindi huweza kuongezwa kwenye uji. Yasichukue nafasi ya vyakula vingine, kwa kuwa maziwa yana madini kidogo sana ya chuma. Mtoto anayekunywa maziwa kutwa na kukataa maharage, mboga, dagaa na nyama anaweza kupungukiwa damu.

Wapo wanaoumwa tumbo wakinywa maziwa freshi. Si uchawi wala sumu. Mwili wao ukubwani huacha kutengeneza kimeng'enya cha kuyeyusha sukari ya maziwa. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff walichapisha utafiti uliofanyika kwa watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakionyesha kwamba katika jamii za wafugaji wa ukanda huu kulitokea mabadiliko ya kurithi yanayowawezesha watu wazima kunywa maziwa bila shida, tofauti na yale ya Wazungu. Asiye na urithi huo mara nyingi huumudu mtindi, kwa sababu bakteria wa kugandisha wameshaila sehemu ya sukari.

Homa isiyokwisha

Maziwa mabichi yana sifa yake vijijini. Huonekana ni ya nguvu, na kuchemsha huonekana ni kuyaharibu. Hapa ndipo hatari ilipo.

Ugonjwa wa kutupa mimba kwa mifugo, au brusela, huishi kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Ng'ombe anaweza kuonekana mzima kabisa, akatupa mimba mara moja, kisha akaendelea kutoa vijidudu kwenye maziwa. Vijidudu vya mbuzi na kondoo ndivyo huwa vikali zaidi kwa binadamu. Dunia ilijifunza hilo kisiwani Malta: mwaka 1887 daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, aligundua kijidudu kilichokuwa kikiwaua askari kwa homa, na mwaka 1905 daktari Mmalta, Themistocles Zammit, akabaini kwamba chanzo kilikuwa mbuzi waliokamuliwa mlangoni kwa mlangoni. Jina la ugonjwa limetokana na Bruce.

Kwa binadamu brusela huleta homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, uchovu, maumivu ya viungo na mgongo, na kukosa hamu ya kula. Mjamzito anaweza kupoteza mimba. Dalili zake hufanana na malaria na taifodi, kwa hiyo mgonjwa hutibiwa hiki na kile wiki kwa wiki bila nafuu. Tiba yake ni dawa mbili au zaidi za kuua bakteria kwa muda usiopungua wiki sita. Mgonjwa anayeishi na mifugo au aliyekunywa maziwa mabichi amwambie daktari hivyo bila kusubiri kuulizwa. Sentensi hiyo moja inaweza kufupisha safari ya miezi.

Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupita kwenye maziwa mabichi, na kwa mtoto mara nyingi hushambulia tezi za shingo au tumbo.

Kugandisha peke yake hakutoshi. Mtindi uliotokana na maziwa mabichi unaweza kubeba brusela. Njia salama ni hii: chemsha kwanza mpaka maziwa yaumuke, koroga, yaache yachemke dakika chache, funika, yapoe hadi yawe vuguvugu. Weka kijiko cha mtindi wa jana ulio salama, funika tena, uache usiku kucha. Asubuhi mtindi upo, na ladha ni ileile.

Chombo nacho kina maneno yake. Dumu la plastiki lenye mdomo mwembamba haliwezi kusuguliwa ndani, na mabaki ya jana huharibu maziwa ya leo. Ndoo au keni ya chuma yenye mdomo mpana husafishika. Mkamuaji anawe mikono kwa sabuni, na kiwele kioshwe kwa maji safi. Ng'ombe aliyechomwa sindano ya dawa, maziwa yake yasinywewe wala kuuzwa hadi siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe. Ng'ombe au kondoo akitupa mimba, kondo na kijusi visishikwe kwa mikono mitupu wala kutupiwa mbwa. Vifukiwe, na ofisa mifugo aitwe. Vijana wanaochunga ndio mara nyingi huwa wa kwanza kuvishika, hivyo nao waelezwe.

Maziwa yenye jina

Kusini mwa mkoa, Wilaya ya Meatu imejaribu njia nyingine. Katika mpango wa mkoa wa kila wilaya kuwa na bidhaa yake, Maswa ilichukua chaki na Meatu ikachukua maziwa. Kiwanda kidogo kikaanzishwa na vijana kikisindika maziwa ya ng'ombe wa wafugaji wa huko na kuyauza yakiwa na jina la wilaya yao. Kusindika hakuhitaji miujiza: maziwa hupashwa hadi nyuzi joto 63 kwa dakika 30, au 72 kwa sekunde 15, kisha hupozwa haraka. Ugumu upo kwingine. Lita moja kutoka hapa na mbili kutoka pale lazima zikusanywe kabla jua halijaziharibu, kwenye barabara ambazo mvua hugeuza udongo mweusi wa mbuga kuwa gundi. Na kiangazi, wakati ng'ombe wako mbali, hakuna cha kukusanya. Suala la kiwanda linarudi tena kwenye majani na maji.

Mgeni anayepita Simiyu na familia anaweza kuonja maziwa haya bila hofu akifuata mambo machache. Migahawa ya Bariadi, Maswa na Mwanhuzi huuza maziwa ya moto na mtindi. Aulize kama mtindi umetokana na maziwa yaliyochemshwa, na mwenye mgahawa mwaminifu hatakasirika. Msimu wa maziwa ni wa mvua na miezi michache baada yake, wakati nyasi zimejaa. Anayekaribishwa nyumbani atapewa labda viazi vya michembe, karanga, au ugali wa mtama na mtindi. Akiletewa maziwa mabichi kwa ajili ya mtoto, anaweza kusema kwa heshima, "Mayu, naomba tuyapashe kidogo, huyu tumbo lake bado changa." Hakuna mama wa Kisukuma atakayenuna kwa ombi hilo. Atachochea moto, aongeze kuni moja, na sufuria itarudi mezani ikiwa inatoa mvuke.